Bakteria wanaokula salfa kwenye maji yetu: maswali mnayouliza sana kuhusu kuwatafuta, kuwaotesha na kuwatambua

Maswali haya yananijia karibu kila msimu wa projekti, mengi yanatoka kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na machache kwa walimu wa sekondari wanaotaka kuonyesha watoto kitu hai na siyo picha ya kitabuni. Nimeyakusanya hapa ili mtu asipoteze wiki tatu kama nilivyopoteza mimi. Mifano mingi ni ya Tanga na pwani kwa sababu huko ndo nilikoanzia, ila mbinu ni zilezile popote ulipo.

Hivi hawa bakteria ni akina nani, na mtu anakulaje salfa?

Sisi tunakula ugali, tunauchoma kwa oksijeni, tunapata nguvu. Wao wanachukua salfa ambayo bado "haijaungua", mfano haidrojeni salfaidi (ile gesi ya yai viza), thaiosalfeti (aina ya chumvi yenye salfa), au salfa yenyewe ya njano, wanaiunganisha na oksijeni na nguvu inayotoka wanaitumia kuishi. Mwisho wa yote inabaki salfeti, na mara nyingi asidi ya salfa. Kaboni ya kujengea mwili wengi wao wanaitoa kwenye hewa ya ukaa, kama mimea, ila bila kuhitaji jua. Aliyeligundua jambo hili ni Mrusi, Sergei Winogradsky, akiwa Strasbourg miaka ya 1880. Alikuwa anaangalia nyuzi za Beggiatoa kwenye hadubini, akaona ukiziweka kwenye maji yenye salfaidi zinajaa vipunje vinavyong'aa vya salfa, ukizihamishia kwenye maji yasiyo na salfaidi vile vipunje vinaisha taratibu kama akiba ya chakula inavyoisha ghalani. Hakuwa na DNA wala mashine yoyote kubwa, alikaa tu akaangalia kwa makini, na ndo maana nasisitiza sana hadubini kwenye kazi hii.

Ile harufu ya yai viza kwenye mikoko inatoka kwao?

Hapana, na hili linachanganya watu wengi. Harufu ile wanaitoa wenzao wanaofanya kazi ya kinyume, wanaoishi kule chini kwenye tope jeusi lisilo na hewa, wanachukua salfeti ya maji ya bahari na kuigeuza salfaidi. Wetu hawa wanakaa juu yao wakiipokea ile salfaidi inapopanda. Kwa hiyo harufu ni dalili kwamba chakula chao kipo, lakini wao wenyewe utawakuta pale salfaidi inapokutana na oksijeni, na mpaka huo wakati mwingine ni milimita chache tu. Ukichimba tope la nusu mita ukadhani ndo umewafuata nyumbani kwao, umewapita.

Kuna na wale wa rangi ya waridi au zambarau unaowaona kwenye vidimbwi maji yakipwa. Hao nao wanatumia salfaidi lakini wanategemea mwanga wa jua, ni kundi lingine. Ukitaka wetu, otesha gizani.

Nikachukulie wapi sampuli?

Popote penye maji yanayonuka salfa na yanayogusa hewa. Kwa Tanga chemchemi za salfa za Galanos, karibu na Amboni, ndo sehemu yangu ya kwanza kabisa: maji yanatoka ya uvuguvugu, yananuka, na kwenye mifereji inayotoka pale tafuta utando mweupe mweupe unaoshika mawe na majani yaliyozama. Ule utando ndo unautaka. Uguse kwa kijiti: ukisambaa kama nyuzi za pamba, hapo kuna kazi. Ukiwa mgumu kama chokaa, basi huenda ni chokaa kweli.

Mikoko nayo ni hazina. Nenda maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, tafuta majani yaliyooza chini ya maji yenye ukungu mweupe juu yake. Na usidharau jani lililooza, maana mwaka 2022 watafiti walitangaza Thiomargarita magnifica, bakteria mmoja wa seli moja tu mwenye urefu wa kama sentimita 1, anaonekana kwa macho, na alipatikana juu ya majani ya mikoko yaliyozama huko Guadeloupe kwenye visiwa vya Karibi. Ni mdudu wa kundi hilihili letu. Mikoko yetu ya Afrika Mashariki ni mingi sana na waliokaa kuichunguza kwa jicho hilo ni wachache, hili linaniumiza na ndo sababu mojawapo ya kuandika haya yote.

Sehemu nyingine: maziwa ya magadi kama Bogoria, Magadi na Natron (nitayarudia chini, yana taratibu zake), maji yanayotoka kwenye machimbo yenye mawe ya pairaiti (madini ya chuma na salfa), na hata mtaro wa maji taka.

Kibali kinatakiwa?

Ndiyo. Kwa utafiti unaanzia kwenye tume ya sayansi ya nchi, Kenya ni NACOSTI, Tanzania COSTECH, na kama sehemu ni hifadhi kuna wenye hifadhi pia. Ongea na wanakijiji kabla hujachovya chupa, waeleze unachofanya, chemchemi nyingi watu wanazitumia kuoga na kujitibu na wana haki ya kujua. Anza mapema, karatasi zinachukua muda kuliko bakteria.

Siku ya kwenda nibebe nini, na nachukuaje?

Chupa za kioo za mililita 250 au 500 zilizopita kwenye autoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), kipimajoto, kipima pH, kalamu ya wino usiofutika, glavu, na kulboksi yenye barafu. Chupa ya maji ijaze mpaka shingoni pomoni, ifunge ikiwa chini ya maji ukiweza, usiache nafasi ya hewa, kwa sababu hewa ikikaa humo salfaidi inaisha njiani. Chukua na chupa nyingine ndogo, tia matone ya zinki aseteti humo: inashika salfaidi iwe unga mweupe ambao utaupima ukifika maabara. Bila hiyo, ukija kuulizwa maji yalikuwa na salfaidi kiasi gani hutakuwa na jibu.

Andika hapohapo joto, pH, saa, rangi, harufu, maji yanajaa au yanapwa. Usiseme nitakumbuka. Halafu jitahidi uanze kuotesha siku hiyohiyo, ikishindikana kabisa kesho yake. Sampuli isikae kwenye jua la gari hata nusu saa, na isigande pia, barafu iipoze tu.

Ile gesi ina hatari?

Ina hatari ya kuua. Kwenye chemchemi ya wazi yenye upepo huna shida kubwa, lakini kwenye pango, kisima, au mtaro wa maji taka ni habari nyingine. Haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo unaisikia, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka kumbe ndo imezidi. Kwa hiyo harufu ikipotea ghafla sehemu iliyofungwa, toka. Usiingie peke yako, na ukiona mwenzako ameanguka ndani usimrukie, wengi wamekufa wawili wawili kwa namna hiyo, ita watu wenye vifaa.

Bakteria wenyewe kwa kawaida si wa magonjwa, ila kumbuka sampuli ya mtaro ina wengine wengi humo, kwa hiyo glavu lazima.

Midia (maji ya chakula cha kuwaoteshea) natengeneza vipi? Nina bajeti ndogo.

Bahati nzuri hawa hawahitaji nyama wala sukari, ni chumvichumvi tu. Kwa maji baridi ya kawaida mimi natumia hii kwa lita 1: sodiamu thaiosalfeti ya fuwele gramu 5, dipotasiamu haidrojeni fosfeti gramu 2, amonia kloraidi gramu 0.5, magnesia kloraidi gramu 0.2, kalsiamu kloraidi kidogo sana, chuma kidogo sana, na mililita 1 ya mchanganyiko wa madini madogo madogo. pH iwe kama 7. Ongeza bromothimoli bluu, rangi ya kuonyesha asidi, mpaka maji yawe ya kijani kibluu, asidi ikianza kutoka yatageuka njano.

Sasa kuna mambo mawili hapo ambayo ukiyakosea projekti nzima inayumba. La kwanza, ona nimeandika magnesia KLORAIDI. Mapishi mengi ya zamani yanaweka magnesia salfeti, ni sawa kwa kuotesha, ila kama baadaye utapima salfeti waliyoitengeneza bakteria utakuwa umeshaitia mwenyewe. La pili ni fosfeti. Fosfeti inameza asidi, ukiiweka nyingi bakteria watafanya kazi na rangi isibadilike na wewe utasema sampuli haina kitu. Piga hesabu ndogo: gramu 5 za thaiosalfeti ni kama milimoli 20, ikiliwa yote mpaka salfeti inatoa asidi milimoli 40, na fosfeti gramu 2 ni kama milimoli 11 hadi 12 tu, kwa hiyo asidi itashinda na rangi itageuka. Ukiweka fosfeti gramu 8, rangi itachelewa sana kugeuka.

Thaiosalfeti usiipike pamoja na zile nyingine. Iyeyushe pembeni, ipitishe kwenye chujio la maikromita 0.22 kwa sirinji, uimimine mwishoni midia ikishapoa.

Kwa sampuli ya mikoko ongeza chumvi gramu 25 hadi 30. Wengine wanatumia maji ya bahari yaliyochujwa, bei rahisi na bakteria wanayapenda, ila ujue lita 1 ya maji ya bahari ina salfeti kama gramu 2.7 tayari, hivyo kipimo cha salfeti hakitakusaidia, pima thaiosalfeti inavyopungua.

Nimetia unga wa salfa kwenye autoklevu umetoka bonge. Nimekosea wapi?

Hujakosea peke yako, hili ndo kosa la kwanza la kila mtu. Salfa inayeyuka kwenye kama digrii 115 na autoklevu inaenda 121, basi inayeyuka, inashikana, ikipoa ni jiwe. Bakteria wanaila kwa kuushika uso wa chembe, bonge moja halina uso wa kutosha. Fanya hivi: weka unga kwenye chupa, upashe kwa mvuke wa digrii 100 nusu saa, uache mpaka kesho, rudia, keshokutwa rudia tena. Siku tatu. Halafu unyunyize juu ya midia na uuache uelee, usiukoroge kwa nguvu, wenyewe utazama taratibu kadiri bakteria wanavyoulowanisha. Kwa kweli ule unga kuanza kuzama kwenye flaski yenye sampuli huku kwenye flaski tupu (yenye midia bila sampuli) bado unaelea ni moja ya dalili nzuri kuliko zote, na haigharimu hata senti.

Nisubiri siku ngapi?

Kwenye joto la digrii 28 hadi 30, gizani, flaski imejazwa robo tu ili hewa ipite, wa thaiosalfeti wanaanza kuonekana kati ya siku 3 na 10. Wa salfa ya unga subiri wiki mbili hadi nne. Usitupe flaski siku ya tano. Kama una mashine ya kutikisa vizuri, kama huna tikisa kwa mkono asubuhi na jioni, nimefanya hivyo mwaka mzima na nimepata.

Na tafadhali usiweke sampuli yote kwenye flaski moja. Anayekua haraka ndo atatawala, na huyo si lazima awe ndo mwingi kule kwenye maji. Chukua mililita 1 ya sampuli weka kwenye bomba lenye midia mililita 9, kisha toa 1 weka kwenye 9 nyingine, endelea mpaka mara nane, otesha zote. Bomba la mwisho lililoota linakupa yule aliyekuwa mwingi kwa kweli, na ukifanya bomba tatu tatu au tano tano kwa kila hatua unaweza kukadiria idadi yao kwa jedwali la MPN, la kukadiria idadi kutokana na mabomba yaliyoota.

Midia imegeuka njano! Nimewapata?

Labda. Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndo ripoti nyingi zinapoharibika. Njano inasema tu asidi imetoka. Asidi inaweza kutoka kwa bakteria mwingine aliyekula uchafu wa tope ulioingia na sampuli. Thaiosalfeti yenyewe midia ikishakuwa na asidi kali inavunjika bila bakteria yeyote na kutoa ukungu wa salfa, mtu akauona akasema "wameota".

Kwa hiyo kila ukiotesha weka flaski tatu: moja ina kila kitu na sampuli, moja ina kila kitu ila haina sampuli, moja ina sampuli ila haina thaiosalfeti. Kama ya kwanza imegeuka na mbili nyingine hazijageuka, endelea. Kama ya tatu nayo imegeuka, kuna mtu mwingine humo. Kisha hamisha mililita 1 kwenda midia mpya, ikigeuka tena hamisha tena, mara tatu au nne, mpaka ule uchafu wa mwanzo uwe umeisha kabisa na anayeishi pale ni yule anayeishi kwa salfa.

Nimepima salfeti kwa bariamu kloraidi, imekuwa nyeupe kama maziwa, lakini msimamizi amekataa. Kwa nini?

Huenda ana haki. Mimi hili lilinigharimu wiki tatu kwenye maabara moja ya chuo, nilishaandika mpaka matokeo. Kipimo chenyewe ni kizuri: unatia asidi ya haidrokloriki kidogo, kisha bariamu, salfeti inakuwa ukungu mweupe, unasoma kwenye spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaopita) kwenye nanomita 420. Tatizo ukitia asidi kwenye sampuli ambayo bado ina thaiosalfeti, ile thaiosalfeti inavunjika polepole na inatoa chembe za salfa, nazo ni ukungu mweupe unaoelekea njano. Macho hayatofautishi, na mashine nayo haitofautishi. Flaski yangu tupu isiyo na bakteria nayo iligeuka maziwa baada ya dakika kumi, nikakaa kwenye kiti nikaitazama tu.

Suluhisho: kwanza pima thaiosalfeti kwa kuititireti na ayodini. Chukua mililita chache, tia asidi ya aseteti kidogo, tia maji ya wanga, kisha dondosha ayodini tone kwa tone mpaka bluu ibaki. Kadiri siku zinavyoenda matone yanapungua, unachora mstari wako unashuka. Thaiosalfeti ikishaisha ndo unapima salfeti kwa bariamu, na unasoma mapema, na flaski tupu unaipima sambamba kila mara.

Bakteria wangu wanaota lakini pH inapanda badala ya kushuka. Nitupe?

Usitupe! Umepata kitu kizuri. Si wote wanaenda moja kwa moja mpaka salfeti. Wapo wanaounganisha thaiosalfeti mbili kuwa tetrathaioneti, na kazi hiyo inameza asidi badala ya kuitoa, kwa hiyo bromothimoli inaenda bluu. Wengine wanapanda kwanza halafu baada ya siku kadhaa wanaigeukia ile tetrathaioneti, pH inashuka. Wenye kutupa flaski za bluu wamekuwa wakitupa kundi zima la hawa jamaa bila kujua. Pima kila siku, uchore grafu.

Nawapataje wakiwa safi, koloni moja moja?

Midia ileile ongeza agari (unga wa mwani wa kuigandisha) gramu 15 kwa lita, chora mistari kwa lupu ya waya, funga sahani kwenye mfuko zisikauke, maana zitakaa wiki nzima au mbili. Makoloni yao ni madogo, mengi kama milimita 1, angavu mwanzoni halafu katikati panakuwa peupe au manjano kidogo kwa sababu ya salfa, na kuizunguka kuna duara la njano ya asidi. Chagua moja, chora tena, mara tatu.

Shida kubwa ni wavamizi. Agari ina uchafu wake unaotosha kulisha bakteria wengine, utaona makoloni makubwa yanayong'aa yameota siku ya pili, hao si wetu. Ioshe agari kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kuipika. Na kila koloni unayodhani ni safi, igawe: nusu kwenye midia ya thaiosalfeti, nusu kwenye agari ya kawaida ya nyama. Mlaji salfa halisi asiyejua chakula kingine hataota kwenye ya nyama. Akiota, tazama kwenye hadubini, ama una wawili pamoja ama una mmoja anayekula kotekote, na hao wa kotekote wapo wengi tu kwa hiyo usiharakishe kumkana.

Kwa wapenda asidi wa maji ya machimbo, pH 2 au 3, agari inavunjika ukiipika humo na haigandi tena. Pika agari peke yake ikiwa nzito mara mbili, pika chumvi za asidi peke yake, zikishapoa mpaka unaweza kushika chupa changanya haraka mimina.

Na zile nyuzi nyeupe, Beggiatoa, mbona zinakataa kuota?

Kwa sababu zinataka salfaidi kutoka chini na hewa kidogo kutoka juu kwa wakati mmoja, sahani ya kawaida haiwapi hilo. Unatengeneza bomba lenye agari yenye salfaidi chini, juu yake agari laini sana isiyo na salfaidi, unachomeka nyuzi zilizooshwa mara nyingi kwenye maji safi. Baada ya siku kadhaa utaona utando mwembamba mweupe umejipanga kama karatasi ndani ya bomba, pale hasa vitu viwili vinapokutana. Kila nikiuona nafurahi. Chini ya hadubini nyuzi zinateleza polepole na ndani zimejaa vipunje vinavyong'aa, ukitia tone la spiriti vipunje vinayeyuka, basi ni salfa.

Maziwa ya magadi je? Nimetumia midia yako sijapata kitu.

Huwezi kupata, maana unawahamisha kutoka pH 10 kwenda 7. Waliotangazwa mwaka 2001, Thioalkalivibrio na Thioalkalimicrobium, kazi ya Dimitry Sorokin na wenzake, baadhi walitoka kwenye maziwa ya Kenya na wengine Siberia. Hao wanataka kama gramu 20 za sodiamu kaboneti na kama 8 hadi 10 za baikaboneti kwa lita, chumvi gramu 5, fosfeti gramu 1, pH ikae 10. Naitrojeni wape kama potasiamu naitreti, amonia kwenye pH hiyo inaruka hewani. Magnesia tia mwishoni peke yake la sivyo itaganda chini. Rangi ya bromothimoli isahau, kaboneti inameza asidi yote, fuata thaiosalfeti kwa ayodini, ila tia asidi ya aseteti ya kutosha mpaka mapovu yaishe ndipo utitireti, kwa sababu ayodini kwenye maji ya magadi inaharibika yenyewe.

Sasa namtambuaje ni nani? Gram (kupaka seli rangi) na katalesi (kuona kama anatoa povu kwenye haidrojeni peroksaidi) zinatosha?

Hazitoshi ila zifanye. Wengi ni Gram hasi, vijiti vifupi, wengine wanaogelea, na hiyo inakupa picha ya kwanza. Andika pia anavumilia chumvi kiasi gani, pH gani, joto gani, anaweza salfa tu au na thaiosalfeti, anaweza kuishi bila hewa akitumia naitreti.

Jina lenyewe unalipata kwa DNA. Toa DNA, fanya PCR (kunakili DNA mara nyingi) ya jeni la 16S, ambalo bakteria wote wanalo, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) 27F na 1492R, utapata kipande cha kama besi 1,500, utume kisomwe pande zote mbili, unganisha, linganisha kwenye hifadhi ya DNA ya NCBI mtandaoni kwa programu ya BLAST. Ukifanana na aliyejulikana chini ya asilimia 98.7 inawezekana una spishi mpya, lakini linganisha na aina rasmi siyo na sampuli yoyote iliyopakiwa bila jina. Ukifanana asilimia 99 au zaidi usiandike kwa uhakika ni spishi ile, zipo ndugu ambao 16S zao hazitofautiani. Ongeza jeni la soxB, ni la ile njia ya kula thaiosalfeti, linakuonyesha anao uwezo. Likikosekana usihitimishe kwamba si mlaji salfa, ipo njia nyingine, na praima nazo hazimshiki kila mtu.

Kitabu kinasema Thiobacillus, BLAST inasema Acidithiobacillus. Nani mkweli?

Wote, kitabu ni cha zamani tu. Jina Thiobacillus lilianza na Beijerinck mwaka 1904, likawa kapu la kila kijiti kinachokula salfa. Mwaka 2000 Kelly na Wood waliligawa: wapenda asidi wakawa Acidithiobacillus, wa chumvi Halothiobacillus, wa joto Thermithiobacillus. Tumia jipya, la zamani litaje mara moja.

Wazazi wananiuliza wadudu hawa wana faida gani.

Waambie kuhusu Kasese, Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha mlima wa mabaki ya pairaiti yenye kobalti, mvua ikinyesha asidi inashuka mtoni, na asidi hiyo bakteria wanachangia. Mwaka 1999 yalianza kazi matangi makubwa ambamo bakteria hao hao waliwekwa waile ile pairaiti ndani ya tangi na kobalti ikatolewa ikauzwa. Kazi ileile mdudu aliyokuwa akiifanya ovyo mtoni, aliifanya ndani ya tangi. Na saruji ya mitaro inayooza juu ya maji na siyo chini, ni hao pia, wanatengeneza asidi kwenye dari la bomba, mhandisi akijua anachagua saruji nyingine na anaruhusu hewa ipite.

Nikishampata nimtunzeje? Wa kwangu walikufa likizo.

Midia ya thaiosalfeti inajigeuza asidi na mdudu anakufa kwa asidi yake mwenyewe, hicho ndo kiliwaua. Kwa muda mfupi weka chokaa ya unga (kalsiamu kaboneti) kidogo chini ya bomba imeze asidi, hifadhi kwenye friji digrii 4, hamishia midia mpya kila mwezi. Kwa muda mrefu wakusanye wakiwa bado wanakua, siyo wakiwa wameshamaliza chakula, waoshe, wachanganye na gliseroli ifike asilimia 15 hadi 20, gawa kwenye vichupa vidogo vidogo uweke kwenye digrii hasi 80. Weka na seti ya pili kwenye jengo lingine lenye jenereta yake, kwa sababu umeme ukikatika wikiendi nzima friji haikupigii simu. Na kabla hujaondoka likizo fungua kichupa kimoja ukioteshe, uone kweli wako hai humo ndani.